Meli Iliyokaa Mahali Pangu

Meli sijawahi kuiona kwa macho yangu. Maji mengi zaidi niliyowahi kuyaona ni ya mto Sagana ukifurika, na hayo yalinitosha. Lakini kuna meli moja niliyoikasirikia kwa miaka tisa. Sasa imekatwa ikawa vyuma, na ile hasira bado niko nayo, na sijui niipeleke wapi.

Nianze na majina, kwa sababu bila hayo hutaelewa. Kwetu mtoto haitwi jina ati kwa sababu ni tamu. Mvulana wa kwanza ni baba ya mume. Msichana wa kwanza ni mama ya mume. Wa pili ni mama ya mke. Hakuna mtu anauliza, hakuna mtu anachagua. Na si jina tu. Ni mtu mwenyewe anarudi. Baba akimpata huyo msichana wa kwanza anamwita "mama", hata kama ni wa kubebwa mgongoni, na nyanya anayeitiwa mtoto anajua hatakwisha.

Mimi Mungu alinipa mtoto mmoja, mvulana. Majirani zangu hapa Mukurweini wana mabinti na wavulana, kwa hivyo wana njia nne au tano za kurudi. Mimi nilikuwa na njia moja. Mwanangu akipata msichana, huyo ni mimi. Nilingoja hiyo siku tangu alipoanza kunyoa ndevu.

Alisomea upishi mjini Nyeri, akafanya kazi kwa hoteli upande wa Nanyuki, kisha akaniambia amepata kazi kwenye meli ya Wagiriki. Nikamuuliza inabeba nini.

"Inabeba watu, Mami. Watalii."

"Inawapeleka wapi?"

"Inawazungusha. Wanakula, wanalala, wanaona visiwa, halafu inawarudisha."

"Inawarudisha wapi?"

"Pale walipopandia."

"Kwa hivyo hawajaenda."

"Wameenda, Mami. Wametembea."

"Mtu akirudi palepale alipotoka na hajanunua hata kitunguu, huyo hajaenda."

Alicheka, akaenda. Na mimi nikabaki na ng'ombe wangu watatu na ile habari ya watu wanaolipa wazungushwe. Mpaka leo haijaniingia.

Kila akija likizo alinihadithia habari za wenye meli, na hizo nilizipenda, nisidanganye. Walikuwa familia moja, mzee na mke wake. Walianza na chombo kimoja kibovu cha kuvusha magari na mbuzi kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Mke ndiye aliyekuwa akiwapikia abiria, na abiria wakawa wanasifu chakula kuliko safari. Basi wakaweka vitanda. Vitanda vikajaa. Wakanunua meli ya kwanza ya kweli, na mzee akaipa jina la mama yake. Ya pili ikapewa jina la mama ya mke.

Nilimsimamisha mwanangu hapo. "Rudia."

Akarudia.

"Hao ni watu wa adabu," nikasema. "Mama ya mume kwanza, halafu mama ya mke. Nani aliwafundisha?"

"Kwao ni hivyo hivyo, Mami. Hata watoto wanawaita hivyo."

Nilifurahi siku ile. Niliwaambia hata wamama wa kikundi chetu cha kanisa kwamba mwanangu anafanya kazi na wazungu wanaojua kuita watoto.

Meli ya tatu waliinunua ikiwa imetumika, lakini ndiyo ilikuwa kubwa zaidi, ghorofa saba, na jikoni lake, alivyosema mwanangu, lingemeza nyumba yangu pamoja na boma la ng'ombe. Hiyo mzee akaiita jina la mke wake mwenyewe. Mwanangu alikuwa mpishi humo. Mabibi na mabwana walikuwa wanapanga foleni kupanda, akasema, na yule mama mwenye jina alikuwa anapanda pia mara kwa mara, anaingia jikoni na fimbo yake anaonja supu. Ikikosa chumvi anaipiga sufuria kwa fimbo.

Huyo pia nilimpenda. Nasema ukweli ili uone vile mambo yalivyonichanganya baadaye.

Mwanangu akaoa msichana wa Kianyaga, wakajenga Chaka, karibu na soko, ambapo mke anauza viazi vya mbegu. Mke akapata mimba, mwanangu akarudi majini. Niliposikia amejifungua msichana, nilipika njahi, yale maharagwe meusi ya mama aliyezaa, nikaponda na ndizi zangu mwenyewe, nikajifunga leso mpya, nikaenda hospitali na kikapu. Njiani nilikuwa naongea peke yangu. Nilikuwa naenda kujiona.

Mke wa mwanangu alikuwa amekaa kitandani. Nikambeba mtoto, nikatema mate kifuani kumbariki, nikasema, "Haya, nimefika."

Akageuza macho akaangalia ukuta. "Mami, baba yake amepiga simu. Ametoa jina."

"Jina linatolewa namna gani? Si liko."

Akalitaja. Lilikuwa jina la ile meli.

Nikafikiri ni la ubatizo. Nikauliza, "Hilo ni la kanisani. La nyumbani je?"

"Ni hilo tu, Mami. La nyumbani pia."

Nilimrudisha mtoto mikononi mwake. Sikupiga kelele. Kikapu nilikiacha chini ya kitanda, kwa sababu njahi hazikuwa na makosa, nikarudi Mukurweini. Jirani akaniuliza, "Vipi, umejiona?" Nikamwambia ng'ombe wangoja maji.

Mwanangu alipokuja likizo alitaka kunieleza. Alikaa kwa kiti cha marehemu baba yake, akaanza, "Mami, kuna kitu kilitokea huko..."

Nikamwambia, "Ukitaka kueleza, anza kwa kunieleza mimi ni nani yako."

Akatoa kwa mfuko kitambaa cheupe kilichotiwa nakshi ya buluu pembeni, akakiweka mezani. "Yule mama wa meli amekutumia. Amekishona mwenyewe. Kuna maneno alisema..."

"Mwambie asante. Maneno abaki nayo."

Kitambaa nilikipeleka kwa boma la ng'ombe. Nimekitumia kupangusia matiti ya ng'ombe kabla ya kukamua, kila asubuhi. Kilikuwa kitambaa kizuri, hakiachi nyuzi.

Na yule mtoto alikua. Sikumchukia, nataka hilo lieleweke. Shule zikifungwa alikuja kwangu, nikamlisha, nikamchana nywele, nikamfundisha kukama. Lakini lile jina sikulitamka. Nilimwita "wewe mtoto". Wewe mtoto, lete ndoo. Wewe mtoto, umenawa? Siku moja, akiwa na miaka sita hivi, aliniuliza, "Shosho, kwani hujui jina langu?"

Nikamwambia, "Najua. Limejaa watu, siwezi kulibeba."

Akafikiri. "Mimi nalibeba na si zito," akasema, akachukua ndoo akaenda.

Halafu ikaja korona. Mwanangu alipiga simu akasema meli zote tatu zimefungwa bandarini, zimepangwa kama ng'ombe kwenye josho, na ndani hakuna abiria, ni wao wachache wa kuziangalia. Nikamuuliza wanafanya nini. Akasema wanafungua mifereji ili maji yasilale kwa mabomba, wanawasha injini, wanazima. Kila siku. Meli haiendi popote lakini lazima iamshwe.

Yule mzee akafa wakati huo huo. Watoto wake wakaanza kuvutana, mmoja anataka kuuza, mwingine anataka kungoja watu warudi kusafiri. Wakauza. Ile meli ya kwanza, ya mama ya mzee, ikafungwa mahali pamoja ikawa hoteli; haitembei tena. Ya pili ilinunuliwa na watu wengine kabisa, wakapanda na ngazi na rangi wakafuta jina, wakaandika lingine.

Hiyo ndiyo iliniondolea usingizi wa mchana. Nilimpigia mwanangu simu mwenyewe, jambo ambalo huwa sifanyi.

"Wamefuta jina la mama ya mke?"

"Wamefuta, Mami."

"Na binti yake yuko hai anaona?"

"Yuko. Alikuja bandarini akasimama na fimbo yake mpaka wakamaliza."

Nilikuwa nimemwombea mabaya yule mama, kimoyomoyo, nikikamua. Si kifo, lakini mabaya. Sasa mabaya yamekuja, na badala ya kufurahi nilikuwa namwona amesimama pale na fimbo. Mtu aliyenifuta mimi anafutiwa mama yake. Ningecheka? Nilijaribu. Haikutoka.

Meli ya tatu yule mama alikataa iuzwe akiwa hai. Ilikaa bandarini miaka mitatu inaamshwa na kulazwa, mwanangu akiwa humo na wengine wachache, rangi ikibambuka. Kila wiki yule mama alikuja kuitazama. Kisha naye akafa, na haukupita muda ikauzwa kwa watu wa vyuma kuukuu.

Mwanangu alirudi nyumbani mwaka jana, kabisa, na mwiko mkubwa wa chuma wa kupakulia supu. Huo tu ndio aliopewa. Mpini wake umegongwa jina la meli. Alikuja Mukurweini na mke wake, aliyekuwa na mimba kubwa, na mtoto. Tukakunywa chai. Kisha akasema marafiki zake wamemtumia picha za mwisho, zile zinazotembea, kama nataka kuona.

Sikutaka. Lakini mtoto alikuwa ameshanibandika simu mbele ya uso. "Shosho, angalia."

Niliona pwani ya matope, mbali sana na kwetu na mbali na kwa Wagiriki pia. Meli inakuja kwa kasi inaelekea nchi kavu. Haipunguzi.

"Dereva wake amelewa?" nikauliza.

"Hapana, Mami. Ndivyo inavyofanywa. Unangoja maji yajae, unaweka mwendo wote, unaipandisha kwa matope."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Humo ndani. Nilikuwa napika."

"Unampikia nani na meli inagonga nchi?"

"Tulikuwa kumi na wanane, Mami. Tulikuwa na njaa."

Picha nyingine ilikuwa ya watu wadogo kama siafu wakining'inia na moto mikononi, wanakata mdomo wa meli. Herufi zilikuwa hapo, kubwa kuliko watu. Mtoto akawa anazisoma kwa sauti, moja moja, kama anavyoandika kwa daftari lake. Kipande kikaanguka. Nusu ya jina ikaenda nacho.

"Imebaki nusu yangu," mtoto akasema.

Hakulia. Alisema tu, kama anayesema maziwa yamepungua. Nikaichukua simu nikailaza kifudifudi mezani. Nikamwambia mtoto aende aangalie kama ndama amefungwa. Kisha nikamgeukia mwanangu.

"Sasa nieleze."

"Leo?"

"Nimekungoja miaka tisa."

"Mami! Mimi ndiye nilikuwa nangoja!"

"Eleza."

Akaeleza. Kabla mtoto hajazaliwa, akiwa ndani ya ile meli, tumbo lilimkata upande wa kulia. Daktari wa meli akasema lazima apasuliwe, na humo hakuna pa kupasulia. Nahodha akasema bandari iliyo mbele watafika kesho. Daktari akasema kesho atakuwa maiti. Nyuma kulikuwa na mji, nusu siku, lakini meli imejaa watalii wenye ratiba, nani ataigeuza kwa ajili ya mpishi mmoja? Yule mama alikuwa mezani anakula. Akainuka, akapanda ngazi kwa nahodha na fimbo yake, akasema geuza. Meli yote ikageuka na ghorofa zake saba. Mwanangu alipoamka baada ya kupasuliwa, mama yule alikuwa ameketi kando ya kitanda, anafuma.

"Ulipasuliwa," nikasema.

"Nilipasuliwa."

"Na hukuniambia."

"Ungesema nirudi nyumbani."

"Ndiyo, ningesema."

"Si ndiyo hiyo sasa."

Mke wake akasema polepole, "Hata mimi niliambiwa baadaye, Mami."

Pale kitandani, mwanangu akasema, aliapa kwamba msichana wake wa kwanza ataitwa jina la huyo mama. Hakufikiri. Alikuwa na homa. Na kiapo ni kiapo.

"Na yeye alipoambiwa? Alifurahi sana, eeh?"

"Alifurahi! Alinipiga na gazeti." Mwanangu akajipiga kichwani kuonyesha. "Aliniuliza, 'Na mama yako?' Nikasema mama yangu ataelewa. Akanipiga tena. Akasema hata meli zao hazikuitwa hivyo ovyo, mama ya mume ndiye wa kwanza, na yeye mwenyewe alingoja mpaka wa tatu. Lakini mtoto alikuwa ameshaandikishwa. Basi akakaa wiki mbili anashona. Akaniambia, mpelekee mama yako, mwambie nimekalia kiti chake bila kujua, anisamehe."

Akaangalia huku na huku ukutani, juu ya viti, juu ya redio, mahali ambapo watu huweka vitambaa vizuri.

"Kwani kiko wapi, Mami?"

Macho yangu yaliniponza, yakaenda dirishani, upande wa boma. Kilikuwa kimeanikwa kwenye seng'enge, rangi ya maziwa yaliyoganda, kina tundu katikati.

Mwanangu alisimama akakitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo lake lililopasuliwa. Mke wake naye akaweka leso mdomoni, mabega yanatikisika.

"Mnacheka nini?" nikasema. "Ng'ombe hawajawahi kuugua matiti tangu kije."

Hapo wakazidi.

Mimi sikucheka. Wiki nzima baadaye nilikuwa kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Huyo mwanamke aliniondoa mahali pangu. Huyo huyo asingegeuza meli, nisingekuwa na mwana wala mjukuu wa kukasirikia. Na aliomba msamaha, na mimi nikapangusia ng'ombe. Kama angekuwa hai ningemtumia ndizi. Sasa amekufa, na meli yenye jina lake wameikata, na jina lililobaki duniani liko juu ya mwiko na juu ya mtoto mmoja huko Chaka. Nilijiuliza kama mtoto yule ni mimi aliyekosewa au ni yule mama aliyerudi, au ni chuma. Nilimuuliza mchungaji. Aliniambia niombe. Nilikuwa nimeshaomba.

Mke wa mwanangu akajifungua mwezi uliofuata. Msichana.

Nilipofika hospitali, mwanangu alinipokea mlangoni na uso unaong'aa kama wa mtoto. "Mami, huyu ni wewe. Tumekubaliana. Hata mama wa Kianyaga amekubali."

Mama wa Kianyaga ni mama ya mke wake. Alikuwa ameketi kando ya kitanda, amejifunga leso mpya. Kikapu chake kilikuwa magotini na njahi zinanukia. Alikuwa ameshika mpini wa kikapu kwa mikono miwili, hivi, kama mtu anayeogopa kitaanguka. Aliniona akatabasamu. "Karibu, mkwe wangu. Njoo ujione."

Nilijua ule mkono. Ulikuwa wangu, miaka tisa iliyopita.

Mtoto alikuwa amelala. Jina langu lilikuwa pale mbele yangu na ningeweza kulichukua. Nani angenilaumu? Mwenyewe amekubali. Nilisimama hapo muda mrefu hadi muuguzi akaniuliza kama natafuta kiti.

"Huyu ni wa ngapi?" nikamuuliza mwanangu.

"Wa pili, Mami, lakini..."

"Wa pili ni wa nani?"

Akamtazama mke wake.

"Nimekuuliza. Wa pili ni wa nani?"

"Wa mama ya mke."

"Mama ya mke ndiye huyu ameketi na kikapu. Mnataka kumfuta mpaka lini, mpaka mpande na ngazi?"

Mama wa Kianyaga akasema, "Wewe mama, kwani unakataa mtoto?"

"Nakataa wa mwenyewe. Wangu niko naye."

"Wako ni yupi?"

Yule mkubwa alikuwa dirishani, anaangalia magari nje, amechoshwa na wazee. Nikamwita. Kwa jina lake, lote, kama lilivyoandikwa kwenye mwiko. Lilinitoka na sauti ya kukwaruza, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa.

Akageuka. Lakini hakunitazama mimi. Alitazama mlangoni, kuona ni nani ameingia.

"Ni wewe," nikamwambia. "Unatafuta nani mwingine?"

Akaja polepole, ananichunguza uso. Sijui kama nilifanya sawa. Sijui nikifa nitarudi kwa mlango gani, na kama nitamkuta yule mama na fimbo yake amenitangulia humo ndani, na kama tutaelewana. Labda ataonja supu yangu akasema haina chumvi.

"Shosho," akasema, "umelitaja vibaya kidogo."

"Utanifundisha. Nawa mikono kwanza, umbebe dada yako. Na kichwa, shika kichwa."